Shela la Kukodisha

Jumatano, 8 Juni 1994. Mbinga.

Baridi ya mwaka huu haina huruma. Asubuhi, katika chumba cha ushonaji cha misheni, mimi na Gertruda na wenzetu watatu tulikaa tukipuliza vidole kabla ya kushika mkasi. Sista Hildegardi, msimamizi wetu, akapita nyuma yetu na viatu vyake visivyotoa sauti. "Mashuka ya wodi hayashonwi kwa pumzi," akasema, akaenda zake.

Jioni nikapitia dukani kwa Adinani. Alikuwa anafungua belo la mitumba barazani na wanawake walikuwa wakinyang'anyana masweta. Chini kabisa likatoka shela, gauni la harusi la Ulaya, jeupe, lenye mkia. Adinani akalishika mabegani akarudi nyuma ili alinyooshe, akarudi tena, akarudi tena, mpaka akajikuta barabarani na mkia bado umelala barazani. Watu walicheka hadi masweta yakasahaulika. Lilikuwa limechanika ubavuni, na lingemtosha mwanamke wa upana wa mlango.

"Nani ataolewa na hili?" akauliza.

Mimi nilikuwa nautazama mshono wa kifua. Fundi aliyeushona alikuwa na subira.

"Dada Gaudiosa, wewe ndiye fundi. Niondolee aibu hii."

Tumekubaliana nimshonee mkewe, Bi Mosi, mapazia ya sebuleni, na shela liwe langu.

Ijumaa, 10 Juni

Nimelifua. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai.

Jumapili, 19 Juni. Litembo.

Nimekuja nyumbani. Mume wangu Placidi ameanza kuchuma, vidole vinamnata kwa utomvu wa kahawa. Mwaka huu wanunuzi binafsi wameruhusiwa. Wanakuja na mizani yao mpaka uani, wanapima, wanalipa papo hapo. Placidi anawatazama kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua, lakini magunia mawili amekwisha kuwauzia.

Nimemwambia habari ya shela. Akaweka kikombe chini.

"Utalivaa wapi, Mama Tobias?"

"Silivai. Nalikodisha kwa maharusi."

"Binti wa watu akubali kuolewa na nguo iliyovaliwa na mwenzake?"

"Ya Mzungu asiyemjua anaikubali. Ya jirani anayemjua ataikataa?"

Akacheka, lakini alicheka nusu. Anafikiria ada ya Tobias kule seminari, inayotoka kwenye mshahara wangu. Nami naifikiria. Nimekaa misheni tangu nilipokuwa msichana. Chumba ninacholala mjini ni chao, cherehani ni yao, hata mkasi una alama yao. Mama yangu alipofariki mwaka jana niliomba ruhusa, nikasubiri barazani na machozi yangu mpaka ofisi ikafunguliwa. Sikunyimwa. Walinipa ruhusa na sukari ya msibani. Ila tangu siku ile nimechoka kuomba ruhusa.

Alhamisi, 23 Juni

Nimepata namna. Mbele nimelipunguza, mgongoni nimeliacha wazi, nikatoboa vitundu pande mbili na kupitisha utepe wa satini kama kamba za viatu. Mwembamba atavuta, mnene atalegeza. Nimeshona kwa mkono tupu, chumbani kwangu, uzi wangu mwenyewe.

Jumamosi, 2 Julai

Bibi harusi wa kwanza! Ni binti wa mwalimu tunayeimba naye kwaya. Harusi ilikuwa saa nne nami hutoka kazini saa sita, kwa hiyo jana nilikwenda kuomba ruhusa.

"Harusi ya nani?" Sista Hildegardi akauliza.

"Ya jirani, Sista."

"Jirani wa upande upi?"

Nikababaika. Akasema tu, "Nenda." Hakuna neno linalotia hofu kama "nenda" la Sista huyu.

Lakini jinsi mkia ule ulivyopita katikati ya kanisa! Wanawake waliinua watoto ili waone. Baada ya misa watatu wamenishika mkono nje, kila mmoja ana binti.

Alhamisi, 7 Julai

Saba Saba. Nimelala.

Jumatano, 20 Julai

Naandika nikiwa na hasira, kalamu inatoboa karatasi.

Asubuhi Sista amesimama mbele ya meza yangu. "Gaudiosa, nionyeshe kikapu chako." Mbele ya wote. Nikamwaga: kanga, muhogo wa kuchemsha, rozari, uzi mweupe nilioununua kwa Adinani, bado na karatasi yake ya dukani. Akaushika ule uzi, akaulinganisha na wetu, akaurudisha.

"Unachoshona nyumbani ni juu yako," akasema. "Mashine za hapa zisikiguse."

"Hazijakigusa, Sista."

"Najua sasa."

Gertruda hakuinua macho toka kwenye shuka lake. Nikajua ni yeye aliyepeleka maneno. Huyu ndiye niliyemuuguzia mume alipopooza, nikambebea uji mpaka kitandani! Jioni tulitoka pamoja getini kama kawaida, yeye akashika njia ya kulia nami ya kushoto, hata kwaheri hatukupeana.

Jumapili, 24 Julai

Bi Mosi amesikia yaliyonikuta. Kumbe Adinani ana sauti, lakini mwenye duka ni Bi Mosi. Alinikaribisha chai ya tangawizi, akafungua stoo akanionyesha cherehani ya kukanyaga iliyokuwa ya marehemu shemeji yake, iko chini ya magunia.

"Inakaa bure," akasema. "Weka barazani kwetu. Ukitoka kazini unakaa unashona. Wewe unitengenezee mitumba iliyokatika zipu, niuze vizuri."

"Na Shehe Adinani atasemaje?"

"Atasema ni wazo lake."

Jioni Adinani akasema hivyo hivyo.

Jumamosi, 6 Agosti

Harusi mbili, saa nne na saa nane. Bibi harusi wa kwanza alivuliwa shela kabla ya kula wali. Sitarudia.

Jumatatu, 15 Agosti

Sikukuu ya Mama Bikira Maria. Upepo mtupu, vumbi machoni.

Jumanne, 23 Agosti

Nimethubutu. Kahawa inalipwa, kila Jumamosi kuna ndoa, na barazani kwa Bi Mosi nguo za kurekebisha zinanisubiri zimerundikana. Nimemwomba Sista Hildegardi nifanye nusu siku, yaani asubuhi tu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mshahara nusu?"

"Na mshahara nusu, Sista."

"Haya. Kuanzia Alhamisi."

Amekubali upesi mno. Nimetoka nikiwa na furaha ya mtu aliyeuza kitu na kushuku kwamba alikiuza rahisi. Wenzangu wanasema tayari ananitafutia mtu wa kukaa mahali pangu.

Jumapili, 28 Agosti. Litembo.

Placidi hakugomba. Ingekuwa nafuu angegomba. Alikwenda kukaa kwenye matofali ya kukaushia kahawa akaniachia mgongo wake. Mwishowe akasema, "Nusu mshahara ni nusu ada."

"Mwezi huu shela limeshinda mshahara."

"Mwezi huu. Mungu akileta Majilio mtu haolewi. Kwaresima haolewi. Utamkodishia nani, Mama Tobias? Paroko?"

Nimeshuka Mbinga na swali lake.

Alhamisi, 1 Septemba

Wamekuja watu wa Kihagara, toka ziwani. Shangazi wa bibi harusi ameleta kipimo cha kiuno kwenye uzi. Harusi ni Jumamosi ya tarehe kumi na saba, na wanataka niende mwenyewe na shela. Wamesikia habari ya mkia.

Jumamosi ya wiki inayofuata ni zamu ya Jacqueline, karani wa benki, hapa hapa Mbinga. Huyu alisema wazi: "Mama, mimi nakodi mkia. Gauni lenyewe ningepata popote."

Jumanne, 20 Septemba

Nimerudi leo. Niandike yote, maana nisipoandika nitadhani nimeota.

Alhamisi nilipanda lori la magunia mpaka Mbamba Bay, shela likiwa ndani ya sanduku la bati nililolikalia njia nzima. Toka hapo tulikwenda kwa boti ya mashine kando ya ufuko. Ziwa lilikuwa limechafuka, sanduku nikalikumbatia, na mzee mmoja akaniuliza kama nimebeba maiti ya mtoto. Nikamwambia ni harusi. Akaniombea heri, lakini akasogea mbali.

Ijumaa asubuhi, Kihagara, wakamleta bibi harusi chumbani. Jina lake Otilia, msichana mpole, amejifunga vitenge viwili kwa joto lile. Nikamvisha, nikaenda mgongoni kuvuta utepe. Haukuvutika. Nikalegeza mpaka mwisho, mgongo ukabaki wazi kama mlango. Nikamtazama shangazi. Shangazi akatazama dirishani.

"Dada, uzi ulionipa ulipima kiuno cha nani?"

"Cha kwake."

"Cha mwaka gani?"

Nikawaomba wengine watoke. Nikamgeuza Otilia taratibu. "Mwanangu, miezi mingapi?"

Akasema mitano, machozi yakamtoka bila sauti. Mchumba anajua, mama yake anajua. Baba mkwe hajui, na ndiye mzee wa kanisa. Kijana ndiye aliyesisitiza ndoa isisogezwe, kwani alitaka mtoto azaliwe ndani ya ndoa. Walikuwa wamepanga utepe ule utaficha. Utepe haufichi mtoto.

"Lifunike kwa kitenge," shangazi akasema. "Aseme ana homa."

Nikakaa juu ya sanduku langu. Ubavu ulihitaji kitambaa, upande huu na huu, na kitambaa cha namna ile hakuna ufuko mzima. Kilikuwepo mahali pamoja tu, kwenye mkia. Nikamfikiria Jacqueline wa benki. Nikamfikiria kila binti aliyenishika mkono nje ya kanisa kwa ajili ya mkia ule. Nikimkatia huyu, nitarudi Mbinga na gauni la kawaida, na nusu ya kazi, na mume anayekaa kwenye matofali. Otilia alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono ameiinua kidogo, asije akalichafua kwa jasho.

Nikaomba mkasi.

Kukata kitambaa chako mwenyewe kunauma, nimelijua hilo siku ile. Nilikata mkia karibu wote. Nikaongeza vipande viwili pembeni, nikashusha marinda kuanzia chini ya kifua, kama wanavyoshona kanzu za watoto wa altare, kila kitu kikaanguka chini kwa ulaini. Shangazi alinishikia kitambaa. Baada ya muda akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Mimi pia niliolewa hivyo. Nilivaa koti la kaka yangu." Tukacheka mpaka Otilia naye akacheka.

Jumamosi akaingia kanisani ameinua kichwa. Baba mkwe aliniita baada ya misa. "Shikamoo" yangu aliijibu kwa mikono miwili, akasema gauni lina heshima kuliko yale ya kubana wanayovaa mabinti wa siku hizi. Wamenilipa, na juu yake nimepewa mchele na samaki wakavu, mfuko mzima.

Jumapili lori likakatika springi milimani. Tulilala kwenye nyumba za watu, siku mbili. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya Alhamisi mpaka Jumamosi tu.

Leo nimeingia chumba cha ushonaji nanuka samaki. Mashine yangu ameikalia mmoja wa wenzangu. Sista Hildegardi akaja.

"Umechelewa."

"Lori liliharibika, Sista. Na nimekata mkia wa shela, na Jumamosi nina harusi, na sijui nitamwambia nini mwenye harusi." Yote yalitoka kwa mkupuo. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele yake.

Akanitazama toka viatu mpaka kitambaa cha kichwa. "Basi nenda kashone," akasema. "Hapa urudi Jumatatu."

Sijui nifurahi au niogope.

Jumatano, 21 Septemba

Nimemwendea Jacqueline benki, nikamweleza nimeukata mkia ili kumsitiri bibi harusi mwenzake. Sikumtaja jina. Alikasirika, akasema ataleta mjomba wake. Kisha akauliza, "Kumsitiri vipi?" Nikamwambia hilo si langu kusema. Akaguna. "Haya. Nishonee mwingine. Mrefu kuliko ule."

Bi Mosi amefungua jora la lesi ya pazia ambalo halijagusika tangu limeletwa.

Jumamosi, 24 Septemba

Mkia mpya unafungwa kwa vifungo, unatoka na kurudi. Jacqueline ameingia kanisani, na mkia wake ulikuwa bado mlangoni yeye amefika mbele. Nimelia kama mama wa bibi harusi.

Jumatano, 12 Oktoba

Joto limeanza. Leo Sista Hildegardi ameniita barazani kwake, akanipa kiti. Kwa miaka yote hiyo sijawahi kupewa kiti pale.

"Gaudiosa, nitakwambia jambo ambalo wenzako hawajaambiwa. Sare za shule watu wananunua madukani sasa. Mashuka yanaletwa tayari yameshonwa. Mwakani chumba cha ushonaji kitabaki na watu watatu."

Nikatuhesabu kwa vidole: tuko watano.

"Nimeambiwa nichague wawili wa kutoka. Tangu Juni natazama. Mmoja anaolewa Songea, huyo ataondoka mwenyewe." Akakunja mikono. "Nilipoona umeanza na lile gauni, nikasema huyu asizuiwe. Nikakupa kila ruhusa uliyoomba."

"Lakini kikapu, Sista. Ulinimwagisha kikapu."

"Maneno yalikuwa yamenifikia. Nisingekagua, yangefika juu, na wewe ungefukuzwa kama mwizi. Nilikagua mbele ya wote ili wote waone hakuna kitu."

Kwa miezi nilijiona nachota muda kwa ujanja, kumbe nilikuwa nachotewa. Nusu yangu ilishukuru na nusu ilichukia, kama mtoto anayegundua kwamba alipokuwa akishinda mbio, mkubwa alikuwa akipunguza mwendo.

"Nisipoondoka mimi?"

"Nitachagua mwingine. Gertruda ndiye mwenye mikono mizito."

Gertruda na mume wake kitandani. Hapo nikaelewa maneno yale aliyoyapeleka mwezi wa saba. Alikuwa amenusa kabla yetu, akatafuta mtu wa kuondoka mahali pake. Nimejaribu kumkasirikia tena jioni hii. Haiji.

Sista akasema, "Sikulazimishi. Fikiri na mumeo."

Jumapili, 16 Oktoba. Litembo.

Nimemweleza Placidi kila kitu, na la Majilio nikakiri kwamba ana haki. Alisikiliza huku akichambua maharagwe. Mwishowe akasema, "Nilipoanza kuwauzia hawa wa mizani zao nilikuwa naogopa hivyo hivyo. Nikaona kumbe kahawa ni yangu." Halafu: "Ada ya muhula ujao itatoka kwenye magunia yaliyobaki. Baada ya hapo utanionyesha."

Sikutegemea. Nimemmenyea viazi bila kuombwa.

Ijumaa, 28 Oktoba

Nimemwambia Sista ndiyo. Nitamaliza mwisho wa Novemba.

Alhamisi, 3 Novemba

Gertruda amekuja barazani kwa Bi Mosi. Alisimama kwenye jua, hakuja kivulini.

"Sista amenieleza," akasema. "Mama Tobias, mimi ndiye—"

"Najua wewe ndiye. Njoo ukae, jua kali."

Akaja akakaa. Alinisaidia kufumua mshono wa lesi, na ni kweli mikono yake ni mizito.

Jumamosi, 19 Novemba

Bi Mosi amenipangisha chumba cha pembeni ya duka, chenye mlango wa barabarani; nitashona na kulala humo. Mpwa wake Kauthar anaolewa Januari, kabla ya Ramadhani, na dada zake wote wanataka kushonewa. Waislamu hawana Majilio! Nimecheka peke yangu. Na akina mama wa parokia wameanza kuleta vitambaa vya magauni ya watoto ya Noeli.

Jumamosi, 26 Novemba

Harusi ya mwisho kabla ya Majilio, na siku yangu ya mwisho misheni. Nimekabidhi mkasi. Sista Hildegardi alinishika mkono akaukawiza kidogo. "Usilale njaa kwa kiburi," akasema. "Njia ya kuja hapa unaijua."

"Naijua, Sista. Nitakuja kukusalimu."

Akaenda, na viatu vyake visivyotoa sauti. Nimemtazama mpaka amepinda kona.

Jumatatu, 28 Novemba

Mvua ya kwanza kubwa, tangu alfajiri. Nilifungua mlango wangu nikaweka cherehani mahali penye mwanga, nikasubiri. Barabara tupu, maji mekundu yanashuka mtaroni. Mpaka saa nne hajafika mtu. Nikaanza kuwaza: shela halitoki, watu wamejifungia, nami nimeacha kazi.

Saa tano akaingia mzee mmoja toka Litembo, amelowa, ameshika mwavuli uliotoka kwenye mbavu zake zote. "Mwanangu, mnashona na huu?"

"Shikamoo baba. Karibu ukae."

Sijawahi kushona mwavuli. Niliuweka mapajani, nikatafuta zile ncha moja moja, nikazifunga kwa uzi wa nailoni. Akaufungua ndani ya chumba, ukajaa chumba chote, akacheka kwa furaha kama mtoto. Alipotoka nao, watu waliokuwa wamejibanza barazani kwa Adinani walimwona. Kabla ya adhuhuri nilikuwa na miavuli sita sakafuni, na mama mmoja na koti la mvua lililopasuka kwapani, na Adinani akipiga kelele mlangoni kwamba wazo la miavuli ni lake.

Nimeshona mpaka mgongo ukauma. Kisha nikasikia njaa. Nikaweka sindano chini, nikafunga mlango wangu, nikaenda kula.